Karatasi Yenye Namba 2096: Barua Pepe ya Chama Katika Kivinjari cha Simu

Chama cha msingi cha ushirika wa wakulima ninachokitumikia kama katibu kina ofisi ya vyumba viwili katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara. Chumba cha nyuma kina mizani na magunia matupu. Cha mbele kina meza, kabati la leja na mhuri. Kompyuta haipo. Nilipoanza kazi mwaka 2019, wiki chache kabla ya msimu wa korosho kufunguliwa, nilielezwa kwamba ripoti za makusanyo, orodha za malipo ya wakulima na barua za chama kikuu zote hupita kwa barua pepe, na kwamba chombo cha kuzipitishia ni simu yangu mwenyewe.

Fundi aliyetufungulia anwani ya chama aliniandikia njia ya kuingilia kwenye kipande cha karatasi: jina la tovuti yetu, nuktambili, kisha namba 2096. Aliipigia mstari namba ile mara mbili. Alinieleza kwamba ni namba ya mlango ambao seva yetu, yaani kompyuta ya mbali inayotunza barua zetu, hupokelea watu wanaosoma barua kupitia kivinjari, na kwamba mlango wa jirani yake, 2095, unafikisha mahali pale pale lakini bila usimbaji, kwa hiyo nywila yangu ingesafiri njiani ikiwa wazi kama barua isiyo na bahasha. Karatasi ile niliibandika ndani ya jalada la leja ya mapokezi, na imebaki hapo hadi leo.

Watu huniuliza kwa nini sikuweka programu ya barua pepe kwenye simu kama wafanyavyo wengine. Kwa simu niliyokuwa nayo, yenye kumbukumbu ya GB 1 na nafasi iliyokwisha kujaa picha za risiti, programu ile ingekuwa mzigo: huvuta barua muda wote, hula bando hata wakati sina haja nayo, na huacha nakala za orodha za wakulima ndani ya simu inayoweza kuibwa mnadani. Kivinjari hakinidai kitu nisipokifungua. Barua hubaki kwenye seva, na simu ikiharibika naweza kuazima nyingine nikaendelea na kazi siku hiyo hiyo. Nimekaa na uamuzi huo kwa miaka yote hii na bado naona ulikuwa sahihi, ingawa ulinigharimu kabla sijaelewa ukurasa wa barua ndani ya simu ni kitu cha namna gani.

Somo la kwanza lilinifika mwezi Novemba wa msimu ule wa kwanza. Shehena yetu moja ilipokelewa ghala kuu ikiwa pungufu kuliko tulivyopima kijijini, na chama kikuu kikataka maelezo ya maandishi kuhusu unyaufu: korosho zilipimwa lini, zilikaa ghalani siku ngapi, zilipakiwa katika hali gani ya hewa. Nilikaa mezani baada ya magharibi nikaandika kwa kidole gumba kwa karibu saa nzima, moja kwa moja ndani ya ukurasa wa barua. Nilipofika kwenye jedwali la uzito nilitoka kidogo kwenda kuangalia picha ya hati ya mizani, nikafungua kikokotoo nijumlishe magunia, halafu ujumbe wa WhatsApp ukaingia kutoka kwa dereva wa lori, nikamjibu. Niliporudi kwenye kivinjari, kioo kilikuwa cheupe. Kisha kikaja ukurasa wa kuomba jina na nywila, kana kwamba sikuwahi kufika pale. Nilipoingia upya na kufungua folda ya rasimu, nilikuta aya mbili za mwanzo tu.

Asubuhi mhasibu wa chama kikuu alinipigia: "Katibu, barua yako haijaingia, na kikao ni saa nne." Nilimweleza ukweli. Alinivumilia hadi saa nne kasoro robo, na maelezo niliyomtumia yalikuwa nusu ya yale niliyoandika usiku, tena bila jedwali. Mwenyekiti wangu alilazimika kusimama mbele ya kikao kulitetea pungufu ambalo lilikuwa na sababu za kweli, huku karatasi yenye sababu hizo ikiwa imepotea.

Fundi ndiye aliyenifafanulia kilichotokea. Simu yenye kumbukumbu ndogo haiwezi kushikilia mambo mengi kwa pamoja. Ukifungua kamera, kikokotoo na WhatsApp, mfumo huuondoa ukurasa wa kivinjari uliokuwa nyuma ili kupata nafasi, na ukirudi hupewi ukurasa ule ule uliouacha, bali unaletwa upya kutoka mtandaoni. Kwa upande wa pili, seva nayo ina saa yake. Programu ya wavuti tuliyowekewa inaitwa Roundcube, na kwa mpangilio wake wa kawaida kikao chako, yaani ule muda unaohesabiwa kuwa umo ndani, hukatika ikiwa seva haikusikia lolote kutoka kwako kwa dakika kumi. Ukurasa ukiwa wazi mbele yako, wenyewe huwa unabisha hodi kwenye seva kila baada ya muda mfupi, hivyo hukatiwi hata ukiandika taratibu. Ukilazwa nyuma ya programu nyingine, huacha kubisha. Kwenye kompyuta ya mezani mambo haya mawili hayakutani mara kwa mara, na ndiyo maana mtu aliyejifunza barua pepe kwenye kompyuta hushangaa akihamia kwenye simu.

Tangu hapo nauchukulia ukurasa wa barua kama dirisha la posta. Mtu haendi dirishani kuanza kutunga barua huku karani akimsubiri. Anafika na barua iliyokwisha andikwa. Nami huandika kila kitu kwenye daftari la simu, ambalo huhifadhi kila herufi bila kuhitaji mtandao, nikamaliza hesabu zangu na kusoma upya, ndipo nifungue kivinjari, ninakili na kubandika. Sehemu ya anwani ya mpokeaji huiacha tupu hadi mwisho kabisa, kwa sababu kidole kinene juu ya kioo kidogo kinaweza kugusa kitufe cha kutuma kabla ya wakati, na barua isiyo na anwani haiendi popote.

Mwaka uliofuata ukurasa wenyewe ulibadilika. Roundcube ilitoa toleo la 1.4 mwezi Novemba 2019 likiwa na sura mpya inayojipanga kufuata upana wa kioo, na seva yetu ilipolipata, safu tatu zilizokuwa zikibanana na herufi zake kama sisimizi ziligeuka kuwa kitu kimoja kwa wakati mmoja: kwanza folda, kisha orodha ya barua, kisha barua yenyewe. Nilifurahi sana. Lakini sura ile ina jambo la kuzoea: kurudi nyuma unatumia mshale ulio ndani ya ukurasa, siyo kitufe cha kurudi cha simu, ambacho kinaweza kukutoa kabisa mahali ulipokuwa.

Viambatisho ndivyo vilivyonifundisha hesabu. Chama kikuu kilitaka picha za kurasa saba za daftari la mapokezi. Kila picha ilikuwa na takribani MB 4, na kikomo cha barua kwenye seva yetu kilikuwa MB 20, kwa hiyo nilidhani nikituma picha tano leo na mbili kesho, nitakuwa salama. Nilijaribu zile tano, zenye jumla ya MB 20 kasoro kidogo, zikapanda polepole hadi mwisho, na barua ikakataliwa. Sababu ni kwamba barua pepe iliundwa kubeba maandishi, hivyo faili yoyote hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri, kila baiti tatu zikawa herufi nne, na mzigo huongezeka kwa theluthi moja. Kikomo cha MB 20 kwa kweli hubeba faili za MB 15 au pungufu kidogo. Anayelipia ofisi yenye mtandao wa waya huenda asilione hilo. Mimi niliyenunua bando la siku niliona MB 20 zikiteketea bila barua kufika, na nilipojaribu tena zikateketea nyingine.

Siku hizi sipigi picha za daftari kwa kamera ya kawaida. Natumia programu ya kuskani inayogeuza ukurasa kuwa PDF ya nyeusi na nyeupe, na kurasa zote saba hazifiki MB 3, tena wino unasomeka vizuri kuliko kwenye picha yenye kivuli cha mkono wangu. Wakati faili inapanda naishika simu mkononi na kugusa kioo mara kwa mara kisizime, maana simu ikilala upandishaji nao hulala. Sibonyezi kitufe cha kutuma hadi jina la faili litokee na alama ya kuzunguka isimame. Kisha naingia folda ya barua zilizotumwa na kukifungua kiambatisho chenyewe kutoka pale.

Kuhusu kukifungua kutoka pale nina sababu ambayo bado inaniuma. Msimu wa 2021 nilipokea kutoka benki orodha ya malipo yenye kasoro za namba za akaunti, nikaagizwa kuirekebisha na kuirudisha. Nilipoigusa kwenye kivinjari ilishuka kwenye folda ya vipakuliwa. Nikaifungua, nikarekebisha, nikahifadhi. Jioni nilikumbuka kasoro nyingine, nikaipakua tena badala ya kuitafuta ile niliyokwisha irekebisha, na simu ikaipa jina lile lile likiwa na (1) mwishoni mwake. Kabla ya kulala zilikuwa nne: orodha, orodha (1), orodha (2), orodha (3). Dirisha la kuchagua kiambatisho kwenye simu yangu lilionyesha herufi za mwanzo tu za jina na kukata zilizobaki, hivyo zote nne zilionekana sawa. Nilichagua iliyokuwa juu.

Haikuwa sahihi. Bibi mmoja, mjane, mwanachama tangu chama kilipoanza, alikuwa na tarakimu mbili zilizopinduka katika akaunti yake, na marekebisho yake yalikuwa katika nakala ambayo sikuituma. Fedha za wenzake ziliingia wiki ile. Zake zilirudi benki. Alikuja ofisini siku tatu mfululizo, akakaa kwenye benchi la nje na kanga yake begani, na kila nilipotoka aliuliza kwa upole ule ule: "Mwanangu, pesa yangu iko wapi?" Sikuwa na jibu hadi siku ya nne nilipofungua folda ya barua zilizotumwa, nikakifungua kiambatisho na kuona namba yake ikiwa bado imepinduka. Nilimwita ndani, nikamwonyesha kwenye kioo, nikamwomba radhi. Malipo yake yalichelewa majuma mawili, na ada ya shule ya mjukuu wake ilikuwa ikisubiri.

Tangu msimu ule faili yoyote ninayoipakua naibadilisha jina papo hapo, nikianza na tarehe na saa, kwa mfano 1411-1830-malipo, ili kinachotofautisha kiwe mwanzoni ambako simu inakionyesha. Nakala za zamani nazifuta kabla sijaanza kurekebisha. Kazi hiyo huchukua dakika moja, nami huifanya hata nikiwa na haraka, hasa nikiwa na haraka.

Wenzangu wengi wa vyama vya jirani hutumia Opera Mini, na wana haki ya kuipenda. Kivinjari hicho, kilichoanza kusambazwa duniani mwaka 2006, hupitisha kurasa kwenye seva za kampuni inayokitengeneza, zikabanwa huko na kufika simuni zikiwa ndogo sana, na kwa kusoma habari mahali ambapo mtandao unakatakata ni msaada mkubwa. Kwa barua yenye akaunti za watu nafikiri tofauti. Katika ile hali ya kubana kabisa, ukurasa hufunguliwa kwanza kwenye seva ya katikati ndipo uletwe kwako, kwa maana hiyo usimbaji hautoki moja kwa moja kwenye simu yako hadi kwenye seva ya barua. Isitoshe, kurasa zinazofanya kazi zake nyingi ndani ya kivinjari chenyewe, kama ule wa Roundcube, hazitendi vizuri katika hali hiyo. Nawashauri watenganishe: kile cha kubana data kwa habari na michezo, kingine cha kawaida kwa barua ya chama.

Jambo la kuazima simu nitalitaja kwa ufupi. Kioo changu kilipopasuka nilitumia simu ya mpwa wangu kwa siku mbili. Kivinjari kiliuliza kama kihifadhi nywila, nami nikakubali ili swali liondoke mbele yangu. Wiki tatu baadaye kijana aliniambia, "Shangazi, barua za chama zinanifungukia mimi." Alikuwa mwaminifu, akaniambia. Sasa nikiazima simu nafungua ukurasa katika hali fiche, ile ambayo kivinjari hakiweki kumbukumbu, nikimaliza nabonyeza neno la kuondoka, kwa kuwa kufunga kivinjari peke yake hakumtoi mtu ndani, na nafuta faili nilizopakua, ambazo hali fiche haizifuti.

Nililoliogopa kuliko yote lilikuja mwaka jana, katikati ya msimu, saa tano usiku. Barua iliingia ikisema kisanduku changu kimejaa kwa asilimia 98 na kwamba nisipothibitisha ndani ya saa 24, barua zitaanza kurudishwa. Nilikuwa nikisubiri majibu ya mnada wa kesho yake. Niligusa kiungo. Ukurasa uliofunguka ulikuwa ule ule ninaoujua, rangi ile ile, jina la chama chetu juu, nafasi ya nywila ikiniwakia. Nilikwisha andika herufi tatu za kwanza.

Kilichonizuia ni mazoea ya kuitazama karatasi ya leja. Sehemu ya anwani juu ya kivinjari ilionyesha jina la chama chetu, lakini sikuiona namba 2096. Niliigusa anwani ile na kuisogeza kwa kidole. Jina letu lilikuwa mwanzoni tu. Baada yake kulikuwa na nukta, kistari, maneno marefu yasiyo na maana, na mwisho jina la tovuti nisiyoijua kabisa. Kioo cha simu kilikuwa kimenionyesha kipande ambacho mwizi alitaka nikione. Kwenye kompyuta anwani nzima ingekuwa mbele ya macho. Hapo ndipo nilipojifunza kuisoma anwani kuanzia kwenye mkwaju (alama ya /) wa kwanza uliosimama peke yake, kurudi kushoto: maneno yaliyo karibu kabisa na mkwaju huo, ukiacha namba ya mlango, ndiyo mwenye nyumba, na yaliyo mbali kushoto mtu yeyote anaweza kujiandikia apendavyo. Hata alama ya kufuli haikusaidii kumtambua mwizi, kwa kuwa naye huweka usimbaji kwenye ukurasa wake. Kivinjari cha Chrome kiliiondoa alama hiyo kwenye sehemu ya anwani mwaka 2023 kwa kuwa watu waliidhania kuwa cheti cha uaminifu.

Katibu wa chama kingine, mtu makini kuliko mimi, alipokea barua ya namna hiyo na aliandika nywila yake yote. Aliibadilisha siku iliyofuata akaona yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha: waliomwingilia waliweka kichujio kinachopeleka nakala ya kila barua yake kwenye anwani yao, na kichujio hakiondoki kwa kubadilisha nywila. Walisoma barua zake kwa majuma, kisha wakamwandikia msafirishaji kwa jina lake wakimjulisha "akaunti mpya" ya chama. Msafirishaji alipiga simu kuuliza, na hiyo ndiyo iliyookoa fedha. Tangu nilipolisikia jambo hilo, kila Jumatatu hufungua mipangilio na kuangalia vichujio na anwani za kupelekea barua, ambazo kwetu zinapaswa kuwa tupu. Orodha zetu zina majina, simu, akaunti na kilo za watu zaidi ya mia nne walioniamini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhesabu sisi tunaozishika kuwa na wajibu juu yake, tuwe na kompyuta au simu.

Msimu huu chama kimeajiri karani mpya wa mizani, binti aliyemaliza kidato cha nne, ambaye atanisaidia kutuma ripoti nikiwa ghala kuu. Siku yake ya kwanza aliniambia, "Mama, hii barua pepe naijua, niliitumia kuombea kazi." Nilimkalisha mezani, nikafungua jalada la leja, nikamwonyesha karatasi ya fundi ambayo sasa imekuwa ya njano na imeliwa pembe moja. Nilimpa kipande kipya na kalamu, akaiandika anwani nzima kwa mkono wake. Nuktambili aliisahau. Nilimrudishia karatasi, akaiongeza, kisha akaipigia namba ile mstari mara mbili kama ilivyo kwenye yangu.